Jinsi ya kuzunguka Mwanza kwa kufuata nyayo za muvi, bila mtembeza wageni, kwa miguu na bodaboda

Watu wengi wakija Mwanza wanapiga picha Jiwe la Bismarck, wanakula sato, wanaondoka. Sio vibaya, sato wa hapa ni mtamu kweli. Lakini huu mji ulishaonekana kwenye skrini dunia nzima, ulikuwa na kumbi zake za sinema tangu enzi za mkoloni, na una vibanda vya video ambavyo vimelea kizazi kizima cha watu wa rika langu, na mimi tangu nizaliwe sijaona kibao hata kimoja kinachokuambia hapa palikuwa na kitu gani. Ndo maana naandika hii. Ni njia ninayowapitisha wageni wangu, nimeizunguka mara nyingi, na unaweza kuifanya mwenyewe siku moja, ukiongeza nyingine kama una nafasi.

Kabla hujatoka nyumbani angalia muvi kwanza. Ninayoisema ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, Mwaustria, ilitoka 2004. Hapa kwetu ukiitaja kwa jina hilo watu watakutolea macho, sema "filamu ya mapanki" utaeleweka. Mapanki ni yale mafupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Ni dokumentari, inaonyesha sangara alivyoingizwa ziwani miaka ya 50 na 60 akawamaliza furu na samaki wengine wadogo wa asili, minofu inavyopakiwa kwenye madege makubwa ya mizigo ya Kirusi kwenda Ulaya, na wenyeji wanabaki na mapanki, alafu muda wote Sauper anauliza hayo madege yanakuja na nini, akielekeza kwenye silaha. Ilichukua tuzo ya César kule Ufaransa na ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani, magazeti yakajaa, mitaani kila mtu akawa na la kusema hata ambaye hajaiona, na ubishi wake ukafika mpaka mahakamani Ufaransa.

Mimi nakushauri uiangalie mara mbili. Mara ya kwanza kaa uiangalie tu kama muvi. Mara ya pili shika daftari, kila ukiona mahali, simamisha, andika dakika ya ngapi na nini kinaonekana nyuma ya mtu: mlima, mawe, paa la bati, maji yako upande gani. Piga skrinishoti saba nane uziweke kwenye simu. Hii ndo ramani yako, maana huu mji umejengwa sana kuanzia muda ule ila mawe hayajahama. Ukilinganisha mstari wa mawe na milima utajua umesimama wapi. Na shusha ramani ya Mwanza ya ofulaini kabisa, sio bando likate ukiwa katikati ya vichochoro.

Vitu vya kubeba ni vichache. Viatu vya kushika chini, maana Mwanza ni vilima na mawe, sio tambarare kama Dar. Maji na kofia, tupo karibu kabisa na ikweta, jua la saa 7 mchana halina mchezo hata upepo wa ziwa ukikudanganya. Hela ndogondogo za daladala na bodaboda. Ukiweza njoo kati ya Juni na Septemba, kuanzia Machi mpaka Mei mvua inaweza kukukatia siku nzima.

Sasa tuanze. Saa 12 asubuhi uwe umeshafika Mwaloni Kirumba. Usije saa 3 ukaniambia hujaona kitu, soko la samaki ni la alfajiri. Utakuta magunia ya dagaa yanapandishwa kwenye malori, wengine wananunua kupeleka Congo, Rwanda na Burundi, utakuta sangara wakavu, sato, na watu wanaongelea mabondo kwa sauti ya chini kama wanaongelea dhahabu. Bondo ni lile puto la ndani ya sangara, linasafirishwa mpaka China na bei yake inaweza kuizidi nyama yenyewe. Dokumentari ile ilienda na minofu na mapanki, ya mabondo hukuti humo, kwa hiyo ukisimama hapa uliza, utajifunza kitu ambacho hakimo kwenye skrinishoti zako.

Na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo sehemu watu wanaharibu. Usitoe simu ukaanza kurekodi. Miaka ya nyuma niliingia mwalo mmoja, sio huu, kamera shingoni, nikaanza kupiga akina mama waliokuwa wanageuza dagaa juani. Mama mmoja mtu mzima akaacha kazi, akaja mpaka nilipo, akaniuliza, "na wewe mwanangu umekuja kutupiga picha za mapanki?" Hakugomba. Aliuliza tu, akasubiri jibu, na mimi jibu sikuwa nalo. Nikaiweka kamera kwenye begi nikakaa nao mpaka saa 5, tukaongea bei za dagaa, mvua, ada za shule, mkopo wa kikundi. Siku ile ndo nilielewa kile kidonda. Watu wa huku hawakuchukia kusemwa kwamba kuna umaskini, umaskini wanaujua kuliko mtengeneza filamu yeyote. Kilichowauma ni kuonekana duniani kote na mtu mwingine akawasemea.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Ukifika salimia, shikamoo kwa wakubwa, na ukiweza Kisukuma kidogo ongeza, "mwangaluka mayu" kwa mama asubuhi, "mwangaluka baba" kwa mzee, ikifika jioni unasema "mwadila". Huhitaji zaidi ya hapo, hilo neno moja linafungua sura ya mtu. Pita ofisi ya soko ueleze umekuja kutembea. Ukitaka picha ya mtu muombe, umuonyeshe ulivyompiga, akisema futa, futa mbele yake. Na usiulize uliza habari za machangudoa wa kwenye dokumentari eti wako wapi sasa hivi. Mmoja wa wale wadada aliuawa hata kabla kazi ya kurekodi haijaisha, ni binadamu yule, alikuwa na ndugu, sio kivutio cha utalii.

Kunywa chai na chapati hapohapo, alafu panda daladala ya kwenda uwanja wa ndege, inapita Pasiansi na Ilemela, ni kama kilomita 10 toka mjini. Kaa upande wa kushoto ukiwa unatoka mjini, ziwa liko upande huo na linajitokeza mara mojamoja. Ule uwanja ndo mhusika mkuu wa dokumentari ukiniuliza mimi. Kuna sini ya mnara wa kuongozea ndege, mfanyakazi yuko kazini na huku anapambana na wadudu kwenye kioo, na nje Ilyushin, yale madege ya mizigo ya Kirusi, zinashuka na kupaa juu ya ziwa. Wewe hutaingia huko na wala usijaribu, na usipige picha uzio, ndege wala askari, utajitafutia matatizo ya bure. Shuka, simama barabarani na watu wengine, tazama ndege ikija kutua kutokea upande wa maji, inatosha. Dakika 20 hapo alafu geuza. Wengine wanaona ni mbali kwa kitu kidogo, mimi naona ukiruka hapa hutaelewa kwa nini Sauper alikaa Mwanza muda wote ule.

Kurudi mjini shukia katikati, na kuanzia hapa ni miguu.

Hii sehemu ya mjini ndo naipenda kuliko zote, na ndo haina msaada wowote kwenye intaneti, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Mwanza ilikuwa na sinema, sinema kweli, ukumbi wenye viti na skrini kubwa. Wazee watakutajia Liberty na Tivoli. Mtaa wa Liberty mpaka leo upo, uliza mtu yeyote atakuonyesha. Kumbi nyingi za nchi hii zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, zikaonyesha picha za Kihindi, za kaboi, baadaye za karate, na hapa tofauti na nchi za kusini ambako Mwafrika alizuiwa mlangoni, kwetu watu wa rangi zote walikuwa wanaingia, tofauti ikawa bei ya kiti. Mwaka 1968 serikali ikaanzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, uingizaji na usambazaji wa picha ukawa mikononi mwa serikali. Alafu zikaja deki za video miaka ya 80, alafu 1994 televisheni ikaanza rasmi Bara, na hapo kumbi zikaanza kufa mojamoja. Kwa wasiojua, Mwanza yenyewe baadaye ikazaa stesheni yake, Star TV, watu wa Kanda ya Ziwa tukajiona kwenye habari bila kusubiri Dar.

Unalitambuaje jengo lililokuwa sinema wakati sasa hivi limeshageuzwa duka au stoo au kanisa? Tazama vitu hivi. Ukuta mrefu wa pembeni usio na madirisha kabisa, maana ndani palitakiwa giza. Mbele kuna mlango mpana kupita kawaida, mara nyingi na ngazi mbili tatu na kibaraza ambacho watu walikuwa wanajibana mvua ikinyesha. Pembeni ya mlango tafuta kidirisha kidogo kama cha posta, hapo ndo zilikuwa zinakatwa tiketi. Ukibahatika kuingia ndani geuka, usiangalie mbele ilipokuwa skrini, angalia nyuma juu kabisa, kama ukuta haujazibwa utaona vishimo vidogo vya mraba. Ndo vya projekta. Na sababu ya projekta kuwa mbili ni kwamba roli moja la filamu ya milimita 35 lenye futi 2,000 linaenda kama dakika 20 tu, kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa na maroli tisa kumi, fundi anabadilisha kutoka mashine moja kwenda nyingine bila nyie huko chini kujua. Akichelewa ukumbi mzima unapiga miluzi. Mara nyingine roli lilikuwa linasubiriwa lifike.

Sasa mbinu ya kupata stori, maana jengo peke yake halisemi. Tafuta mzee aliyekaa mbele ya duka, fundi cherehani au fundi saa ni wazuri sana, wamekaa mtaa mmoja miaka 40. Shikamoo mzee, samahani, hivi hapa zamani palikuwa na sinema? Alafu nyamaza. Usimuingilie. Mimi kuna mzee alianza kwa kusema hakumbuki, kimya kama dakika moja, alafu akaanza kuimba wimbo wa Kihindi mwanzo mpaka mwisho, Kihindi hajui hata neno moja la kuongea, ila wimbo anao wote. Akaniambia aliingia na mkewe wakiwa wachumba, Jumapili, na walivaa kama wanaenda harusini. Sikurekodi, na sijutii, ila nilivyofika nyumbani niliandika yote.

Ukitoka hapo shuka Makoroboi. Pale ni wamachinga, kelele, nguo, vyombo, na katikati yake vibanda vya kuweka muvi kwenye flashi. Hicho nacho ni kituo, usikipite. Kaa dakika tano usikilize watu wanaomba nini, "niwekee za Kikorea zilizotafsiriwa", "nataka Bongo muvi za Kanumba za zamani". Steven Kanumba alikuwa mtoto wa kanda hii, alizaliwa Shinyanga 1984, amefariki 2012 na bado muvi zake zinaombwa kila siku. Nunua kitu halali ukiweza, wasanii wetu wameumia sana na hizi kopi.

Mchana kula sato na ugali, pumzika, jua lipungue. Kama miguu inaruhusu panda boti pale Capri Point kwenda Saanane, ni kisiwa kidogo karibu kabisa na mji, kilianza kama bustani ya wanyama 1964 na kikawa hifadhi ya taifa 2013, jina ni la mzee aliyekuwa akiishi pale. Kimuvi hakina historia ninayoweza kukupa, ila ukitaka kupiga picha mji kutokea majini hakuna sehemu nzuri kuliko hiyo. Saa 12 jioni uwe Jiwe la Bismarck, jirani na kivuko cha Kamanga, jua linazama nyuma ya ziwa na jiwe linakuwa jeusi kabisa. Wajerumani ndo walilipa jina la kansela wao. Piga picha zako za simu uzitakavyo. Ila kama wewe ni mtengeneza filamu kabisa, umekuja na waigizaji na taa, hapo tafuta kibali cha Bodi ya Filamu, sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976 na bado inahitaji kibali, na ukirusha droni bila ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga utaipoteza.

Jioni ya siku hii ya kwanza haijaisha, nitairudia, ngoja kwanza niseme kuhusu siku ya pili kwa wenye nafasi.

Ukiwa na siku ya ziada chaguo langu ni barabara ya Musoma. Simama Bujora, pale Kisesa, kama kilomita 20 toka mjini, kuna makumbusho ya Wasukuma, ngoma zimehifadhiwa pale na ukienda mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, utakuta vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza, kitu ambacho kamera yoyote ingekililia. Alafu endelea mpaka geti la Ndabaka, kama saa mbili kwa gari toka Mwanza, hapo ndo Serengeti inakaribia kugusa ziwa. Mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, na mwanae Michael walikuja Serengeti na kindege kidogo kilichopakwa milia kama pundamilia, wakahesabu wanyama na kurekodi. Michael akafa kwenye ajali ya kindege hichohicho Januari 1959, baba akamalizia kazi, na dokumentari yao ikachukua Oscar. Kaburi la Michael liko kule Ngorongoro.

Anayependa maji apande meli kwenda Ukerewe. Kisiwa hicho kimo kwenye dokumentari ya Harry Freeland ya 2012, In the Shadow of the Sun, inayofuata maisha ya ndugu zetu wenye ualbino kipindi kile cha mauaji. Iangalie kabla hujaenda, na utaona tofauti, mule wahusika wanaongea wenyewe, yule mwanaharakati Josephat Torner anasimama mbele ya kijiji na kuwauliza watu maswali uso kwa uso. Ndo maana mimi nawaambia wageni waangalie zote mbili, ya mapanki na hii.

Na kwa wenye wiki nzima, siku hizi safari ya upande wa Bukoba haihitaji kusubiri kivuko cha Busisi, daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kama kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025, unapita juu ya maji moja kwa moja. Ukivuka mpaka Mutukula unaingia Uganda, na Kampala kuna Wakaliga, mtaa ambao Nabwana na wenzake wanatengeneza muvi za mapigano kwa vifaa vya kuunga unga, ile Who Killed Captain Alex ya 2010 imeangaliwa dunia nzima. Wao kule wana ma-VJ, mtu anaongea juu ya muvi mwanzo mpaka mwisho.

Sisi pia tunao, na hapo ndo narudi kwenye jioni yako ya kwanza. Kuanzia saa 1 na nusu usiku tafuta kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea muvi na mpira kwa kiingilio. Usikitafute katikati ya mji, panda kwenye mitaa ya vilimani au nenda pembezoni, muulize dereva wa bodaboda anakoangaliaga yeye. Nje kutakuwa na ubao umeandikwa kwa chaki, mechi ya saa ngapi, muvi gani. Siku hizi mpira umekula nafasi kubwa, kwa hiyo chagua siku isiyo na ligi. Uliza kama ni muvi iliyotafsiriwa, ukiambiwa ndio, umepata. Tulikulia kwenye sauti ya msimuliaji Lufufu, yaani Kapteni Mukandala, akaja DJ Mack, na upande wa Kenya DJ Afro, wanachukua muvi ya Kichina au ya Kinigeria wanaisimulia kwa Kiswahili, mhusika anapewa jina la mtaani, anatukanwa, anaonewa huruma, anaambiwa geuka nyuma adui huyo. Mtoto aliyelipa sarafu yake anaelewa yote.

Lipa mlangoni, wasalimie wote ukiingia, simu weka mfukoni. Benchi la mbele waachie watoto. Kaa karibu na mlango kwa ajili ya hewa, maana joto la mle ndani ni kweli linaumiza, na usiondoke kabla haijaisha, hata kama umechoka, kwa sababu dakika kumi za mwisho watu wote wanaanza kumjibu msimuliaji kwa sauti. Ukitoka bodaboda utazikuta hapohapo nje.